PICHA YA MJI WA BENIN: MAZUNGUMZO KUHUSU MJI NA KUMBUKUMBU YAKE

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu wa historia mbele ya wakazi wa kambi na wageni waalikwa, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Kamati imeona vema yachapishwe katika jarida hili la kumbukumbu ili wale ambao hawakufika nao wayasome.)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa niseme neno juu ya historia, na nikaambiwa nisizidishe dakika thelathini, kwa kuwa ngoma inangoja na jua halingoji. Nitajitahidi.

Karatasi mnayoiona imebandikwa ubaoni ni nakala ya picha ya zamani sana. Wanafunzi wa darasa la tano wamesaidia kuikuza kwa mkono kwenye karatasi ya manila, mraba kwa mraba, kutoka katika kitabu cha historia kilichomo maktabani. Kwa hiyo mkiona mguu wa farasi umepinda, msiulaumu mkono wa Mzungu. Mkono huo ni wa hapa hapa.

Picha yenyewe inaonyesha mji wa Benin, huko Afrika Magharibi, katika nchi ambayo leo inaitwa Nigeria. Isichanganywe na nchi ya Benin, ambayo ni jirani yake. Ilichapishwa mwaka 1668 mjini Amsterdam, Uholanzi, ndani ya kitabu kikubwa kuhusu Afrika kilichoandikwa na Olfert Dapper. Nataka tuitazame picha hii pamoja, kisha tuulizane inatuhusu nini sisi tunaokaa chini ya maturubai na nyumba za tofali za udongo, mbali sana na Benin.

PICHA INAONYESHA NINI

Tuanze na macho. Nyuma mnaona majumba marefu yaliyopangwa kwa safu. Hayo ni makao ya mfalme, ambaye kwa lugha ya Waedo anaitwa Oba. Juu ya majumba kuna minara iliyochongoka, na juu ya minara kuna ndege waliotandaza mabawa. Ndege hao, kwa maelezo ya kitabu, walikuwa wa shaba. Mbali zaidi mnaona nyumba za mji zimesambaa.

Sasa shusheni macho. Mbele ya picha kuna msafara. Mfalme yuko juu ya farasi na watu wake wamemzunguka. Wapo wapiga ngoma na wapuliza pembe. Wapo watu wafupi wa kimo waliokuwa wakitumika katika nyumba ya mfalme. Na wapo chui, ndiyo, chui waliofugwa, wanaoongozwa kwa minyororo kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kitabu kinaeleza kwamba mfalme alitoka hadharani namna hii mara moja kwa mwaka, akifuatana na waheshimiwa mamia kadhaa, wengine kwa miguu na wengine kwa farasi.

Maandishi yanayofuatana na picha yanaongeza mambo mengine. Yanasema makao ya mfalme peke yake yalikuwa makubwa kama mji wa Haarlem wa Uholanzi. Yanasema ndani yake mlikuwa na kumbi ndefu zenye nguzo za mbao, na nguzo hizo zilifunikwa kwa shaba kutoka juu hadi chini, na kwenye shaba hiyo zilichorwa habari za vita na ushindi. Yanasema mji ulikuwa na barabara kubwa thelathini, zilizonyooka, kila moja ikiwa na upana wa futi 120 hivi, yaani zaidi ya mita 30. Na yanasema kuta za nyumba zilikuwa za udongo mwekundu, zikisuguliwa na kuoshwa hadi zikang'aa kama kioo, na kwamba kwa usafi wa nyumba watu wa Benin hawakushindwa na Waholanzi.

Akina mama mnaosiriba kuta kila baada ya masika, nadhani mmelisikia hilo. Ukuta wa udongo si aibu. Mji mmoja mkubwa wa dunia ulijengwa kwa udongo, na mgeni aliyetoka kwenye nyumba za matofali ya kuchoma akakiri kwamba unang'aa.

NANI ALIICHORA

Hapa ndipo pana jambo la kufikiri. Olfert Dapper hakuwahi kufika Benin. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa msomi wa Amsterdam, akaandika kitabu chake mezani kwa kusoma karatasi za watu wengine. Kwa habari za Afrika Magharibi alitegemea sana maandishi yaliyotoka kwa mfanyabiashara aitwaye Samuel Blommaert. Mabaharia na wachuuzi waliona, wakasimulia au wakaandika, Dapper akakusanya, kisha fundi akachora.

Na huyo fundi alifanyaje kazi? Picha za namna hii zilichongwa kwenye bamba la shaba. Fundi huchukua kalamu ya chuma kali, akakwangua mistari kwenye bamba, mstari kwa mstari. Kisha hupaka wino, hupangusa bamba ili wino ubaki ndani ya mistari tu, huweka karatasi yenye unyevu juu yake, na kuipitisha kwenye mtambo wenye rola nzito. Karatasi hufyonza wino kutoka kwenye mistari. Bamba moja huweza kutoa mamia ya nakala. Basi mji ambao nguzo zake zilivikwa shaba yenye picha, ulipata kujulikana Ulaya kwa picha iliyotoka kwenye shaba. Sisi tuliotoka Kongo shaba tunaijua. Mkoa wa Katanga wenyewe uliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: «Mwalimu, kama hakufika, basi si picha ni uongo?» Ni swali zuri, na nikamwambia asubiri jibu mpaka leo. Jibu linahitaji tuende hadi mwaka 1897.

MJI ULIPOUNGUA

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Waingereza walitaka kuishika biashara ya eneo lile, na Oba Ovonramwen alikuwa akiizuia njia. Mwezi Januari 1897 msafara wa Waingereza ulioongozwa na James Phillips ulikwenda Benin, ingawa ulikuwa umeombwa uahirishe safari kwa sababu mfalme alikuwa katika sherehe za mila. Msafara ulishambuliwa njiani na wengi wao wakauawa. Mwezi uliofuata Uingereza ilipeleka jeshi la watu 1,200 hivi. Mji ulitekwa tarehe 18 Februari 1897, na baada ya siku tatu moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na makao ya mfalme. Oba Ovonramwen alipelekwa uhamishoni Calabar, na huko akafia mwaka 1914 bila kuiona tena ardhi yake.

Kabla ya moto, askari walikuta ndani ya makao ya mfalme maelfu ya vitu: vichwa vya shaba, pembe za ndovu zilizochongwa, na mabamba ya shaba karibu 900 yaliyorundikwa ghalani. Walivichukua. Vingine viliuzwa ili kufidia gharama za vita, vingine vikawa mali ya maofisa, na mwishowe vikatawanyika katika majumba ya makumbusho ya London, Berlin na miji mingine mingi.

Sasa sikilizeni. Yale mabamba ndiyo yaliyokuwa yamepigiliwa kwenye nguzo ambazo Dapper alizitaja. Yana alama za misumari. Yanaonyesha wapiganaji, waheshimiwa, wapiga ngoma, chui, na Wareno wenye ndevu na nywele ndefu. Na bamba mojawapo, lililoko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, linaonyesha mlango wa makao ya mfalme wenyewe: nguzo, walinzi, paa, na juu ya paa mnara uliochongoka. Kwenye mnara huo anateremka chatu mkubwa, kichwa chini.

Kwa hiyo Dapper, ambaye hakufika, alisema kweli kuhusu nguzo na alisema kweli kuhusu minara. Lakini chatu hayumo katika picha yake. Mji aliochora unasimama kama mji wa Ulaya uliovalishwa nguo za Kiafrika. Nyuso za watu hazitofautiani. Huwezi kujua nani ni fundi, nani ni mkulima, nani amefiwa wiki ile. Na jambo jingine zito halimo: katika bandari za nchi ile watu waliuzwa utumwani, na watawala wa Benin nao walishiriki kwa nyakati mbalimbali. Shaba nyingi ya mafundi wa Benin ilitoka kwenye bangili nzito zilizoletwa na Wazungu kama fedha, na kwa bangili hizo hizo wanadamu walinunuliwa. Mambo hayo yote yako nje ya fremu.

Jibu langu kwa mwanafunzi ni hili basi. Picha si uongo, na wala si ukweli wote. Ni ushahidi wa mgeni. Na ushahidi wa mgeni hupimwa kwa kuuweka kando ya ushahidi wa mwenyeji. Waedo walikuwa na bahati moja katika msiba wao: babu zao walikuwa wamejichora wenyewe, kwa shaba, kabla moto haujaja. Bila mabamba yale tungebaki na maneno ya mtu aliyekaa Amsterdam, na leo wengine wangesema ni hadithi tu, kwamba Waafrika hawakuwa na mji wa namna ile.

MJI MWINGINE, KARIBU NA KWETU

Watu wa Kongo wasidhani wamesahauliwa. Katika kitabu hicho hicho cha mwaka 1668 imo picha ya mji wa Loango, na imo picha ya Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme wa Kongo, ambao Wareno waliuita São Salvador. Leo mji huo uko upande wa Angola.

Picha ile ya Mbanza Kongo ilitoka wakati mbaya. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1665, mfalme wa Kongo alikuwa ameuawa katika vita vya Mbwila, na koo za kifalme zikaanza kugombea kiti. Miaka kumi baada ya kitabu kutoka, yaani mwaka 1678, mji uliporwa na kuharibiwa, na watu wake wakatawanyika milimani na maporini. Kwa muda wa kizazi kizima mji mkuu wa Kongo ulikuwa magofu. Aliyewaongoza watu wa kawaida kurudi kukaa katika magofu yale, mwaka 1704, alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi aitwaye Kimpa Vita. Yeye mwenyewe alichomwa moto mwaka 1706 kwa mafundisho yake. Lakini watu walikuwa wameshaonyesha kwamba mahali pale paweza kukalika, na mfalme Pedro wa Nne akaurudia mji mwaka 1709.

Nimelisema hili kwa sababu moja. Kati ya wale waliorudi na Kimpa Vita, wengi hawakuwa wamezaliwa wakati mji ulipovunjwa. Walirudi mahali ambapo hawajawahi kupaona. Walikuwa wamepewa njia na mtu fulani, kwa mdomo, jioni, kando ya moto.

YANAYOTUHUSU SISI

Ndugu zangu, sasa nije kwetu.

Mwaka huu niliwapa wanafunzi wa darasa la tano zoezi: chora mahali wazazi wako walipotoka. Darasa lile lina watoto wengi sana, na karibu wote wamezaliwa hapa kambini. Hawajawahi kuona Baraka, wala Uvira, wala Fizi. Walichora nini? Walichora ziwa. Walichora milima. Na nyumba walizochora, karibu zote, zilikuwa nyumba za kambini: paa la turubai, nambari ya nyumba mlangoni, na bomba la maji lenye foleni ya ndoo. Mmoja aliweka kituo cha mgao katikati ya kijiji cha babu yake.

Siwacheki. Wamefanya kama Dapper alivyofanya: wamesikia kwa watu, kisha wakachora kwa yale wanayoyajua. Lakini Dapper alikuwa na karatasi za Blommaert. Watoto wetu wana nini? Wana ninyi wazee, na wazee wanapungua. Kila mwaka tunazika.

Jambo la pili. Sisi nasi tunachorwa. Kila mwaka wageni huja, hukaa siku tatu, huandika, hupiga picha, hurudi. Siwalaumu, wengine wetu tunakula kwa sababu ya ripoti hizo. Lakini niliwahi kuona kijitabu kimoja kuhusu kambi hii, ambacho sitakitaja jina. Ndani yake mlikuwa na picha kumi na mbili. Tisa ni za watu waliosimama kwenye foleni. Hakukuwa na picha ya fundi cherehani, wala ya kwaya, wala ya mwalimu aliye ubaoni, wala ya mama anayepima mawese kwa chupa sokoni. Chatu wetu hakuwemo. Mtu akisoma kijitabu kile miaka mia ijayo atasema: watu hawa walikuwa wamesimama tu.

Ndugu zetu wa mashirika, naomba mnielewe vema. Foleni ipo, na ni kweli. Ombi langu ni kwamba mnapotuchora muulize na wenyeji wa picha nini kimesahaulika.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Wapo hapa wengi waliokaa kambi ya Lugufu. Lugufu ilifunguliwa mwaka 1997 na ikafungwa mwaka 2009. Kwa miaka kumi na miwili watu walizaliwa pale, wakaoana pale, wakazikwa pale. Mlikuwa na shule, masoko, makanisa, misikiti na timu za mpira. Leo nani anaweza kunionyesha ramani ya Lugufu iliyochorwa na mtu aliyeishi pale? Nani anaweza kumwonyesha mwanawe lilipokuwa kaburi la bibi yake? Mtabila nayo ilifungwa mwaka 2012, na ndugu zetu Warundi wanaweza kuuliza maswali hayo hayo. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Nyumba za udongo zikiachwa bila paa, masika matatu yanatosha kuzirudisha ardhini. Benin ilihitaji jeshi na moto. Kambi inahitaji mvua tu.

Najua wapo watakaosema: «Mwalimu, mgao ukipungua watu wanalala njaa, na wewe unatuletea habari za kuchora.» Ni kweli, karatasi haipikwi ikaliwa. Lakini niwaulize na mimi. Siku tutakaporudi, iwe sisi au watoto wetu, ugomvi wa kwanza utakuwa wa nini? Tunajua sote. Utakuwa wa shamba. Utakuwa wa mpaka kati ya mgomba wa fulani na mwembe wa fulani. Kijana asiyejua hata upande gani wa mto babu yake alilima, atasimama wapi kuzungumza? Mchoro wa babu si hati ya shamba, na asije mtu akadanganywa kwamba ni hati. Lakini unampa mtoto pa kuanzia kuuliza, na unampa majina ya majirani watakaoshuhudia.

PENDEKEZO

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta pendekezo mbele ya Kamati, na walimu wenzangu wameniruhusu kusema kwamba wako tayari kulibeba.

Kwanza, kila zoni iwe na siku moja kwa mwezi ambapo wazee watakaa na wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Mzee ataeleza kijiji au mtaa aliotoka: njia inapita wapi, soko liko upande gani, shule ilijengwa na nani, mti gani watu walikutania chini yake. Mtoto atachora. Mzee atasahihisha. Yule mtoto aliyeweka kituo cha mgao kijijini ataambiwa: hapana, hapo palikuwa na gati la mitumbwi.

Pili, tuichore kambi hii yenyewe, zoni kwa zoni, kama ilivyo. Tuchore visima, mabomba, madarasa, zahanati, vinyozi, mafundi baiskeli, mahali pa ibada, na makaburi. Makaburi yasisahaulike. Tuandike na mwaka.

Tatu, michoro isikae mahali pamoja. Mchwa hawana huruma, na turubai huvuja. Naomba seti moja iwekwe na Kamati katika sanduku la bati, nyingine ikae maktabani shuleni, na tunawaomba ndugu zetu wa mashirika watusaidie kuipiga picha na kuihifadhi kwenye kompyuta ili nakala ya tatu iwe mbali na mvua yetu. Lakini karatasi za asili zibaki kwa wenyewe. Watu wa Benin wamejifunza hilo kwa uchungu.

Nne, asiyetaka jina lake au mahali alipotoka paandikwe, asiulizwe mara mbili. Wapo wenye sababu, na sababu hizo tunaziheshimu.

MWISHO WA HABARI YA BENIN

Nisiwaache na moto. Mwaka ule ule 1914 Oba Ovonramwen alipofariki uhamishoni, mwanawe alitawazwa kwa jina la Eweka wa Pili, na makao ya mfalme yakaanza kujengwa upya. Oba wa sasa, Ewuare wa Pili, alitawazwa mwaka 2016. Handaki kubwa lililouzunguka mji, ambalo wenyewe wanaliita Iya, bado linaonekana sehemu nyingine. Pale lilipopimwa, kutoka chini ya shimo hadi juu ya tuta palikuwa karibu mita 17. Na katika mtaa wa Igun mafundi wa shaba wanaendelea kumimina vichwa na mabamba, kazi waliyoirithi kwa baba zao.

Vitu vilivyochukuliwa navyo vimeanza kurudi. Mwezi Oktoba 2021 chuo kimoja cha Cambridge kilirudisha jogoo wa shaba. Desemba 2022 Ujerumani ilikabidhi vitu 20 nchini Nigeria, baada ya kukubali kuhamisha umiliki wa vitu zaidi ya elfu moja. Mwaka 2025 Uholanzi ilirudisha vitu 119. Ni Uholanzi ile ile ambako picha yetu ilichongwa na kupigwa chapa, miaka zaidi ya 350 iliyopita. Vingi bado viko mbali, na mazungumzo yanaendelea. Lakini hakuna aliyeweza kuwaambia Waedo kwamba vitu hivyo si vyao, kwa kuwa walikuwa na majina yake, walijua vingi vilikaa wapi, na walikuwa na watoto waliofundishwa hayo.

Wanafunzi wapendwa, picha hii itabaki ubaoni mpaka mwisho wa muhula. Njooni muitazame karibu. Tafuteni chui, hesabuni ndege. Kisha nendeni nyumbani mkamuulize bibi au babu swali moja tu: barabara ya kwenu ilielekea wapi? Mkipata jibu, njooni nalo shuleni Jumatatu. Karatasi na penseli zipo.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha, na naona wapiga ngoma wameshakaza ngozi. Nawatakia wote kumbukumbu njema ya siku hii.